Kichupa cha Wifi na Mimba Isiyokuwepo

(Majina yamebadilishwa.)

Shangazi Biubwa mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na kwa kuwa sijui nianzie wapi naanzia kwenye friji yangu, maana humo, nyuma ya chanjo za kuku, kuna kichupa chenye unga mweupe ambao sielewi kama ni dawa au ni sumu, na Jumamosi hii wifi yangu anakuja kukichukua akamchome mama yake mzazi, na mtu anayeweza kumzuia ni mimi peke yangu, na sithubutu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nafuga kuku wa nyama hapa Mbwawa, binti yetu sasa yuko sekondari na tangu huyo hatujapata mwingine ingawa tumehangaika sana. Mume wangu Masumbuko ni Msukuma, wazazi wake walihamia na ng'ombe wao Marui, kule Kisarawe, baba ameshafariki na mama yupo. Mwili wangu ni mkubwa, shangazi, na kwa mume wangu hilo si tatizo, yeye husema mke akikonda anayesemwa ni mwenye nyumba, lakini magoti yananiuma kila nikiinama bandani na kliniki waliniambia presha inapanda nipunguze uzito, nikaacha ugali wa usiku, nikatembea asubuhi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakanizoea, nikapungua kidogo, kisha kilo zote zikarudi.

Hapo ndipo Holo aliponiletea habari ya sindano. Holo ni dada wa mume wangu, anauza vipodozi Maili Moja, amesoma mpaka diploma, na alikuwa mnene kama mimi, mara akapungua hadi magauni yakawa yanamvuka. Aliniambia anajichoma tumboni mara moja kwa wiki na hamu ya kula inakwisha, akanitumia kwenye simu kurasa za utafiti, maelfu ya watu wa nchi za nje, na mchoro wa mstari unaoteremka. Nilipomuuliza kama hiki kichupa ndiyo dawa ile ile, akanionyesha maandishi ya Kiingereza kwenye lebo, neno la utafiti lipo pale, akasema unaona wifi, imeandikwa kabisa kwamba imefanyiwa utafiti.

Basi nikanunua kwake, nikachanganya ule unga na maji ya sindano kama alivyonielekeza, nikajichoma. Kichupa cha kwanza hakikufanya kitu, nilikula kama kawaida yangu, Holo akasema mwili wangu ni mgumu, niongeze. Cha pili kilikuja kwenye kifurushi cha basi, kimeshinda na joto mchana kutwa, na mimi chanjo ya kuku ikipata joto namwaga, lakini hicho nilijichoma, sijui akili ilikuwa wapi, na kesho yake nikaanza kutapika mpaka nyongo, hata maji hayakai, Masumbuko akanikuta nimeshikilia ukuta wa choo.

Akaniuliza nina nini, na kabla sijajibu Holo aliyekuwa sebuleni akasema, "Kaka, mke wako anatapika asubuhi, na wewe unauliza?"

Masumbuko akanitazama. Shangazi, sikusema ndiyo. Sikusema hapana vilevile. Alikaa juu ya gunia la chakula cha kuku akicheka peke yake, akampigia mama yake simu Marui, akawa anamwita mayu, mayu, kama mtoto, na vigelegele vya mama nilivisikia kwenye simu nikiwa chumbani. Zahanati waliponitundikia dripu walinipima pia mimba, hakuna, nikamwambia nesi ni chakula kimenidhuru, na Masumbuko nikamwambia ni tumbo, akatabasamu kama mtu anayeficha siri yangu. Sasa haniruhusu kuinua ndoo, na jumuiya yetu ya kanisani wameniombea salama mimi na mtoto.

Ningeweza kuendelea kunyamaza mpaka niseme imeharibika, Mungu anisamehe nilishaliwaza hilo, lakini mama mkwe ana kisukari, anatumia vidonge vya kliniki, na vidonge vinamsumbua tumbo. Holo anasema sindano hii asili yake ni ya kisukari, na kweli hata hilo alinionyesha, kwa hiyo anataka mama aache vidonge aanze kichupa cha tatu kilichobaki kwangu. Nilipomkumbusha yaliyonipata alisema nilizidisha mwenyewe. Nilipomwambia nitamweleza kaka yake, akanijibu taratibu kabisa, "Wifi, tukianza kufungua, tufungue yote."

Nikaenda kwa Sixtus, mfamasia wetu hapa, nikamuuliza nikijifanya namuulizia mtu mwingine. Akasema utafiti wa dawa hizo ni wa kweli na mkubwa. Nikashusha pumzi. Halafu akasema kichupa kama hicho hata mbwa wake asingemchoma. Sasa mtu mmoja anawezaje kusema yote mawili? Holo amepungua kweli, mimi nimetapika kweli, na utafiti ni wa kweli, sasa mwongo ni nani? Au mwongo ni mimi tu, na dawa haina kosa? Nisaidie shangazi, sielewi hata ninachouliza.

Mama Evaline, Mbwawa, Kibaha.

SHANGAZI BIUBWA ANAJIBU

Marahaba, Mama Evaline. Barua yako nilipoifikia mahali pa vidonge vya mama mkwe niliacha kusoma nikakupigia simu, maana gazeti lingekufikia Holo ameshafika Marui. Niliyokuambia kwenye simu nayaandika hapa, kwa sababu najua hauko peke yako.

Pole kwanza. Umetapika, umeogopa, na umebeba furaha ya watu ambayo si yako. Sasa nikugombeze.

Sixtus hakujipinga hata kidogo. Utafiti alioutaja ulifanywa kwa dawa yenye kiwanda kinachojulikana, kipimo kinachojulikana, kikipandishwa polepole, daktari akiangalia nani imfae na nani isimfae, na kichefuchefu na kutapika vikiandikwa kama vilivyotokea. Hicho kichupa chako hakikuwemo katika utafiti huo. Kimechukua jina tu. Cheti cha ndoa cha jirani ukikitundika sebuleni kwako hakikufanyi kuwa mke wa mtu. Nilimuuliza daktari ninayemwamini kuhusu maneno ya lebo uliyonisomea kwenye simu. Hayasemi kwamba dawa imefanyiwa utafiti. Yanasema ni kwa ajili ya utafiti tu, yaani kitu cha maabara, na mstari wa chini yake unasema si kwa matumizi ya binadamu. Diploma ya Holo imesoma neno moja ikaruka sentensi nzima.

Unauliza mbona yeye amepungua. Huenda vichupa vyake vilikuwa na dawa ndani. Huenda cha kwako cha kwanza kilikuwa na kidogo mno au hakikuwa na kitu, na cha pili kilikuwa na nyingi, au kiliharibika, au uchafu uliingia. Mimi sijui, wewe hujui, Holo hajui, na aliyemuuzia naye huenda hajui. Kupungua kwa Holo kunatoa habari ya vichupa alivyokwisha kujichoma. Kuhusu kilichomo kwenye friji yako hakutoi habari yoyote.

Mama mkwe asiache vidonge hata siku moja kwa ushauri wa mtu asiye daktari. Kama vinamsumbua tumbo, apelekwe kliniki akaseme hivyo hivyo, wana njia za kumsaidia. Na wewe rudi hospitali ukaseme ulichojichoma. Wakati ule uliwaficha, wakakutibu wakiwa gizani. Tumbo likikukaza hadi mgongoni, au kutapika kukirudi, usingoje kupambazuke. Magoti yako na presha yako ni ugonjwa wa kweli, wala hukukosea kutafuta msaada. Muulize daktari waziwazi kama sindano hizi zinakufaa, na akisema ndiyo, zitoke kwenye famasia iliyosajiliwa, kwa cheti chake, na arudi kukuangalia. Kichupa kilichobaki usikitupe jalalani wala usimrudishie Holo. Mpelekee Sixtus, akufikishie kwa wanaosimamia dawa.

Limebaki lile gumu. Mama Evaline, mimba hiyo Holo aliitaja tu. Kilichoitunga ni ukimya wako. Na usithubutu kusema imeharibika, maana utamzika mtoto ambaye hakuwepo na mume wako atamlilia kweli. Mwambie leo, akiwa amekaa, kabla Holo hajachukua hatua yoyote. Siri anayokutishia nayo ikishatoka mdomoni mwako, mkononi mwake hakibaki kitu.

Ndivyo nilivyosema. Kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, Mama Evaline alinitumia ujumbe mrefu wa sauti, na kwa idhini yake nausimulia.

Alimwambia mumewe mezani. Masumbuko hakupaza sauti. Alisukuma sahani, akatoka, akakaa bandani na kuku mpaka mkewe akadhani amelala huko. Aliporudi aliuliza jambo moja tu, kama hicho kichupa bado kipo. Alipoonyeshwa, akakifunga kwenye mfuko, na asubuhi wakapiga lebo picha kwa simu, wakakiacha kwa Sixtus, kisha wakaenda Marui kwa pikipiki, wakamkuta Holo ameshatangulia kumwandaa mama. Masumbuko akamwomba dada yake asome ile lebo kwenye simu kwa sauti, kisha aitafsiri, neno kwa neno, mbele ya mama. Holo alisoma. Alipofika mstari wa binadamu akausoma tena kimoyomoyo, akakaa chini.

Mama mkwe, anasema, hakumgombeza mtu. Habari ya mimba aliipokea akiangalia chini. Kisha akasema, "Sisi tulihama kwa ajili ya njaa. Ninyi mnainunua kwenye chupa." Akaomba aletewe vidonge vyake.

Masumbuko bado anazungumza kwa maneno machache. Hospitali wamemwandikia mkewe vipimo. Mama Evaline mwenyewe anasema hajui ndoa yake imesimama wapi, ila usiku uliopita mumewe alimuuliza kama magoti yanauma, naye hakujua kama hilo ni msamaha au ni swali tu.

Lakini kilichomfanya anitumie ujumbe ni Holo. Kumbe si wao wawili tu. Aliwauzia wateja wake wa vipodozi pia, na tangu watoke Marui anawapigia mmoja mmoja awaambie wasijichome. Wengine wamemtukana, wengine wamemshukuru. Mmoja, mama wa Ruvu anayeishi peke yake, alichukua kichupa kilichokuja kwenye kifurushi kimoja na kile kilichomtapisha Mama Evaline. Simu yake inaita na haipokelewi. Wananiuliza waendelee kumpigia mpaka lini.

Nimewajibu papo hapo kwa simu: msipige tena. Chukueni pikipiki ya Masumbuko, nendeni Ruvu sasa hivi, mkabishe hodi.