Korongo Waliogeuka Kuku

Dada Nafula,

Kitale mnaendeleaje na baridi yenu? Hapa Busia jua linanikausha mimi kabla ya rangi. Gauni lako jeusi ulilotuazima kwa mchezo lilifika salama, na mwigizaji wa mjane limemkaa vizuri.

Kazi yangu ilikuwa sebule ya chifu tajiri: mbao zionekane kama ukuta wa karatasi ya urembo. Nilikata umbo la korongo kwenye kadibodi, nikapiga rangi kwa sponji, ndege wakajaa ukuta mzima. Mama wa chai akaingia na birika, akasimama. "Boss, huyu si ndege wa bendera ya Uganda? Chifu wetu amehama lini?"

Mchezo ulikuwa jioni hiyo hiyo! Nikafupisha shingo na miguu kwa rangi, nikaongeza matumbo, wote wakawa kuku.

Chifu akafa jukwaani, mjane wake akauegemea ukuta kwa uchungu. Alipogeuka kulilia jeneza, kuku mzima wa rangi mbichi alikuwa mgongoni mwa gauni. Mzee mmoja akapaza sauti: "Sasa hii ni matanga! Matanga gani haina kuku?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wasalimie watoto, nimewakumbuka sana. Gauni linarudi Jumamosi. Kuku nimemsugua kwa sabuni, amekataa kutoka.

Ndugu yako,
Wafula