Sedekia Hafundishi Mtu

Mbeya, tarehe 6 Februari 1956

Mwanangu Lutengano,

Ugonile. Mimi mzima, kifua tu kinakwaruza kwa baridi, na baridi haijapata kumshinda Sedekia. Nawe huko Iringa, Mlandege, u hali gani? Na huyo mkeo wa Kihehe, ameshajua kusonga ugali ukakaza, au bado unakunywa uji ukiuita ugali?

Utasikia watu wanasema karakana ya ndege inafungwa. Usiwasikilize. Juzi Bwana, mkubwa wa karakana, katukusanya uwanjani, akasema kazi yote ya kutengeneza ndege inahamia Nairobi, maana huko wanapata kuifanya kwa bei ndogo. Wenzangu wakainama kama kuku wamenyeshewa. Mimi nikacheka, tena kwa sauti. Nairobi nani atashona bawa? Watu wanadhani bawa ni bati. Ni kitambaa, mwanangu! Kinashonwa ubavu kwa ubavu, fundo moja kila vidole vitatu, kisha kinapakwa ile dawa inayonuka mpaka kinalia kama ngoma. Miaka kumi na tisa nashona. Hakuna bawa langu lililofumuka angani. Ndege zile zinazopiga dawa ya nzige huko Rukwa, zote nimezivika nguo mimi.

Wameleta mafundi wawili wa Nairobi, eti tuwafundishe, na atakayewafundisha atakwenda nao. Nimekataa. Wakisimama nyuma yangu naweka sindano chini, nawasha kiko. Bila fundo langu watahamisha nini?

Ni mimi baba yako,
Sedekia

Iringa, tarehe 21 Februari 1956

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Evarista naye hajambo, anakusalimu bila kutaja jina, maana nimemweleza mwiko wetu wa mkamwana na mkwe. Ana mimba ya miezi minne.

Baba, barua yako imeninyima usingizi. Nakuomba wafundishe hao watu. Kota unayolala ni ya kazi. Kazi ikihama, kota nayo imehama. Rungwe huna pa kurudi. Ulisimama mwenyewe kwenye matanga ya babu, mbele ya wazee, ukamwambia baba mdogo Anyitike, "Chukua migomba yote, mimi nakula kwa ndege." Naye alichukua. Sasa amepanda kahawa mpaka mlangoni.

Wafundishe, au njoo kwetu. Tuna chumba kimoja, tutabanana.

Mwanao,
Lutengano

Mbeya, tarehe 11 Machi 1956

Lutengano,

Nimepata barua. Mwili mzima, moyo sitaki kuulizwa.

Saulo amewaonyesha. Saulo! Niliyemshikisha sindano mimi, aliyekuwa akijichoma mpaka tunampa kitambaa cha kufungia vidole. Siku mbili tu wale wa Nairobi wakajua. Siku mbili, kitu ambacho mimi nilikilinda kama jino. Wiki iliyopita wamempakia kwenye ndege, akanipungia mkono dirishani. Nikageuka nikakojoa ukutani.

Nilimwendea Bwana nikamwambia, haya, mimi nawafundisha vizuri zaidi ya Saulo. Akasema, "Mzee, umechelewa." Kota tutoke mwisho wa mwezi huu. Mashine wameshazifungia kwenye makasha. Naamka alfajiri kama kawaida, nakwenda mpaka mlango wa karakana, nakuta kufuli, narudi. Anania mlinzi ananiambia, "Mzee, leo umewahi." Mpumbavu yule.

Mimi kuja kukaa kwako hakuwezekani. Chumba kimoja! Wewe si Mnyakyusa? Mkamwana hanioni uso, wala hapiti nilipopita. Nikiwa ndani, yeye atakaa wapi, juu ya paa? Na tena ni Mhehe, hajui lolote. Nikifika atanipa mkono na kusema, "Karibu mzee Sedekia," nami nife hapohapo mlangoni kwa aibu.

Nitabaki hapa. Waje wanitoe.

Baba yako,
Sedekia

Iringa, tarehe 25 Machi 1956

Baba,

Shikamoo tena. Huku mvua ni nyingi, afya tunayo.

Nimetundika mkeka katikati ya chumba. Upande wa mlango wa mbele ni wako, wa nyuma ni wake. Najua si nyumba ya heshima, lakini mimi mshahara wangu wa karani wa stoo haujengi ya pili.

Evarista ananiambia nikuandikie hivi: "Aje tu. Mimi najua nitakavyofanya." Kumbe kila Jumamosi huenda kwa mama Tupokigwe, yule Mnyakyusa wa kwetu anayeuza ndizi sokoni, kuulizia desturi zetu.

Usingoje wakung'olee mlango. Njoo.

Mwanao,
Lutengano

Iringa, tarehe 16 Aprili 1956

Baba,

Sijui ulipo, sijui kama u mzima. Barua hii nampa Kasian, dereva wa basi, aulizie njiani. Anasema alikushusha Iringa tarehe tano, mchana, una sanduku lako, na jioni hiyohiyo alikuona tena stendi.

Nikimuuliza Evarista anasema, "Alikuja mtu. Sikumwona uso." Zaidi ya hapo hasemi.

Baba, tumekukosea nini?

Lutengano

Rujewa, tarehe 29 Aprili 1956

Mwanangu Lutengano,

Pokea salamu. Kasian amenipata. Nipo hapa kwenye mashine ya mpunga, nashona magunia. Tajiri anasema tangu aanze hajaona gunia lililoshonwa hivi, punje haitoki. Nilimwambia hii ni mishono ya ndege. Hakuamini. Nalala stoo, juu ya magunia. Joto la huku na mbu wake sitaki hata kulitaja.

Hamkunikosea. Nilifika. Mvua ilikuwa inanyesha, nikapiga hodi. Ndani nikasikia sufuria imeanguka, kisha mlango wa nyuma. Nikadhani ni mwizi, nikazunguka. Nikamkuta mkeo amepiga magoti kwenye tope, kanga kajifunika mpaka kiunoni, amenipa mgongo, mkono mmoja kashika tumbo.

Hapo aliyevunja mila ni mimi. Nikasema, "Mwanangu, ingia ndani, unalowa." Hakusogea. Nikarudi mbele nikangoja, labda ataingia. Hakuingia, maana alijua nipo. Nimewaona wakamwana wa Rungwe, waliozaliwa ndani ya heshima hiyo, na hakuna aliyenifanyia hivyo. Mkeka wako nao niliuona. Mkeka hauzuii kikohozi changu. Ningelala mle, yeye angekaa kwenye mvua mpaka ajifungue, na asingekwambia.

Nikabeba sanduku langu. Nilipita njia ya mawe, nikikanyaga kwa nguvu kama askari, ili asikie naondoka, apate kuingia ndani.

Baba yako,
Sedekia