Harufu ya samaki siku ya ufufuko

Ijumaa, mangaribi

Tangu kilio hanisalimii, na leo eti ananisogelea kwenye banki ya kukalia mu kanisa! Maman Béatrice, dada mukubwa wa marehemu bwana yangu. Sikukaa karibu naye.

Katekista alitufundisha juu ya ufufuko. Alisema Mungu hakuumba nyama ya namna moja: bantu beko na yabo, ndege iko na yake, samaki iko na yake, na sisi tutafufuka na miili yetu. Béatrice akaitika "Amen" kwa nguvu kuliko bote.

Amen! Yeye njo alinifukuzaka kwenye mulango wa morgue, siku ya kuosha maiti ya bwana yangu. "Unanuka samaki ya Kasenga. Utamuchafulia ndugu yangu." Mbele ya bantu bote. Nilikuwa nimetoka kuuza samaki sokoni, nikakimbilia pale vile vile, bila kuoga. Bantu bageni njo bakamuosha. Mimi nikabaki inje na sabuni mu mukono.

Leo nikanyoosha mukono ule ule. "Katekista, na harufu ya muntu, itafufuka?"

Bakacheka. Béatrice peke yake akaangalia chini.

Katekista akasema, "Maman, kama ni mwili wako kweli, Mungu hatasahau kitu."

Sitamusamehe. Hata kujaribu, sijaribu. Siku ile bwana yangu atatoka mu kaburi na udongo mu macho, hataona muntu. Atanusa tu. Atamupita dada yake kama hamujue, aje kwangu.