Mama Hakuwa Akideka

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Julai

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Habari za huko uliko? Naomba barua hii iwakute wazima, wewe, wifi yangu na watoto. Goti la wifi limepona? Na yule mdogo ameacha kukohoa? Mimi sijambo, ila macho yameanza kunigomea nikitunga uzi. Haya, salamu nimezitoa kwa adabu kama tulivyolelewa. Sasa niache nikasirike.

Nimekasirika mwezi mzima, Kaka. Nimeshona zipu tatu kinyume kwa hasira, na wateja wameanza kuniogopa. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu nitalia, utaanza kunibembeleza, nami sitaki kubembelezwa.

Unakumbuka ile homa ya Mama ya mwanzoni mwa mwaka, na maumivu ya mabega yaliyoifuata. Mama aliyefundisha miaka thelathini na miwili, ambaye sauti yake ilivuka uwanja wa shule bila filimbi, alilia kama mtoto. Wiki mbili baadaye maumivu yakaisha, yakaacha mkono mmoja umelegea, na pumzi ikaanza kumsumbua. Akikaa, mzima. Akiinama kufunga viatu, anatweta. Akilala chali, anainuka papo hapo kama mtu aliyemwagiwa maji, anasema kuna kitu kimemkalia kifuani. Akahamia kwenye kiti cha marehemu Baba, akawa analala humo ameketi, shingo upande.

Nilimpeleka kwa daktari mara tatu. Mara zote Mama aliketi kwenye kiti, na daktari akaketi kwenye chake. Akamsikiliza mgongoni. Akampulizisha kile kimrija cha kupimia pumzi, akasema kwa umri wake si mbaya. Akampiga picha ya kifua, mapafu yakaonekana mafupi, na unajua alisema nini? Kwamba Mama hakuvuta pumzi vizuri wakati wa kupigwa picha. Yaani kosa ni la Mama! Mara ya tatu hakumtazama hata mgonjwa, alinitazama mimi.

"Mama yako ana wasiwasi tu. Wajane wengi huwa hivi. Akipata usingizi, yataisha."

Akaandika vidonge vya usingizi.

Nami nikaamini. Hapo ndipo hasira inaponigeukia mwenyewe. Kila jioni nilisimama mbele ya mama yangu na glasi ya maji mkononi, nikamsubiri ameze. Wewe nawe ukapiga simu, ukasema Mama anadeka, tangu Baba aondoke anataka watu wamzunguke, nisimwendekeze. Tukacheka, Kaka. Simu ilikuwa kwenye spika, na mlango wa sebuleni haukuwa umefungwa.

Aliyetuumbua ni binti mmoja wa tiba ya mazoezi ya viungo, mdogo kuliko hata mwanao wa kwanza. Nilimpeleka Mama kwake kwa ajili ya ule mkono tu. Akamwambia alale kitandani. Mama akakataa. Nilianza kumgombeza Mama, lakini yule binti akaniashiria ninyamaze, akamuuliza swali ambalo sisi sote na vyeti vyetu hatukuwahi kumuuliza.

"Ukilala, mama, inakuwaje?"

Mama akamweleza. Binti akamwomba alale kidogo tu, akaahidi kumwinua akitikisa kidole. Akaweka kiganja juu ya tumbo lake. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka hapo hapo.

"Anavuta pumzi sasa. Tumbo linakwenda wapi?"

Lilikuwa linazama, Kaka. Kifua kinapanda, tumbo linadidimia. Hebu jilaze ulipo, uweke mkono wako tumboni. Lako litapanda. La mama yetu lilizama kama mfuko unaofyonzwa hewa. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na midomo imeanza kupauka, kidole kikatikisika.

Binti alitueleza polepole, na nitakueleza kama nilivyomwelewa. Mapafu hayana nguvu zake yenyewe, hayawezi kujivuta wala kujisukuma. Chini yake kuna msuli mpana uliojikunja kama bakuli lililogeuzwa juu chini, unaotenga kifua na tumbo, unaitwa kiwambo. Ukijikaza, unashuka, kifua kinapata nafasi, na hewa inaingia yenyewe. Matumbo yanasukumwa chini, ndiyo maana tumbo linatoka mbele. Kiwambo cha Mama kilikuwa kimepooza pande zote mbili. Alikuwa akipumua kwa shingo na mbavu, misuli ambayo sisi tunaihitaji hasa tukikimbia. Akikaa, matumbo yanashuka kwa uzito wake na kumsaidia. Akilala, yanampandia kifuani. Kitu kilichomkalia kilikuwa kweli!

Akatuandikia barua kwa bingwa wa mapafu. Huko wakampima kwa kimrija kilekile, kwanza ameketi, kisha amelala. Pumzi yake ikashuka karibu nusu. Kimrija kilekile, Kaka! Tofauti ilikuwa kitanda tu. Bingwa akasema ile homa huenda ndiyo iliyoamsha ugonjwa wa neva, ukashambulia zile za mabega na zile zinazotoka shingoni kwenda kukiendesha kiwambo.

Kisha akauliza dawa anazotumia. Nikatoa vile vidonge. Akavitazama, akanitazama.

"Amekuwa akimeza hivi?"

"Kila jioni," nikasema, tena kwa kujisifu.

"Sijameza hata kimoja," akasema Mama.

Alikuwa akivificha shavuni na kuvitema kwenye leso nikishageuka. Bingwa akavuta kiti karibu, akaeleza kwamba mtu akizama usingizini hata ile misuli ya shingo hulegea, na kwamba kwa hali ya Mama vidonge vile vingeweza kumfanya asiamke. Mama akaitikia kwa kichwa tu, kama mwalimu anayesikia jibu alilokwisha kulijua.

"Ndiyo maana nilivitema. Niliwaambia wote. Hakuna aliyesikia."



Sasa sikia alilolifanya mama yako. Juzi Jumatano alivaa gauni lake la mikutano ya wazazi, akaniamuru nimrudishe kwa yule daktari wa kwanza. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kutosha, nikakatazwa kufungua mdomo. Tulipoitwa, Mama hakuketi. Akavua viatu, akapanda kitanda cha mgonjwa, akalala chali, akafunua tumbo.

"Tazama," akamwambia.

Daktari akaanza kusema habari za faili. Mama akanyoosha kidole, akionyesha tumbo lake. Daktari akatazama. Nami nilimtazama yeye, nikaona wakati alipoelewa, maana alidondosha kalamu na kumkimbilia kumwinua kwa mikono yote miwili. Mama alitweta mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akavaa viatu, mimi nikamfunga kamba.

"Mwingine akikuambia hawezi kulala, mlaze. Umwangalie mwenyewe."

"Samahani, mwalimu," akasema daktari. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi sijamsamehe, na sina haraka.

Wamempa mashine ndogo yenye kinyago, inayomsukumia hewa akilala. Wiki hii amelala kitandani kwake, saa sita mfululizo, ameinuliwa kwa mito miwili tu. Neva hukua taratibu mno. Wanasema huenda ikachukua mwaka, miwili au zaidi, na huenda kiwambo kisirudi kama zamani. Nakuambia kama nilivyoambiwa, sipunguzi wala siongezi.

Nisalimie sana wifi yangu. Wabusu watoto, waambie shangazi yao hana hasira nao. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu, na mama mdogo anasema picha zako amezipata. Mungu akulinde huko, akupe afya na moyo wa kusikia.

Salamu za Mama sikuletei. Nilimwomba, akasema utampigia mwenyewe. Piga, Kaka. Ila ujue anaongea kwa vipande siku hizi, maneno manne au matano, halafu anasimama kuvuta pumzi. Akinyamaza, usidhani amemaliza. Subiri.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi,
Kitinda mimba