Siku Niliyosema Sielewi

Jumanne, Mbinga mjini. Mvua imeanza kabla ya misa ya asubuhi na mpaka sasa inapiga bati kana kwamba ina ugomvi nalo. Nimejifunga kitenge juu ya sweta na miguu bado ya baridi. Sisi wa ziwani huku milimani tunateseka.

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Sitaki kuwa nesi.

Mama yangu, kule kwetu Lipingo, ziwani, ameshawatangazia wanakwaya wote kwamba matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mimi ni chuo cha uuguzi moja kwa moja. Kuna mama mmoja kanisani ameanza kuniita "sista" na kunionyesha goti linalomuuma. Nami natabasamu tu. Mimi ni mtu wa kunywa chai isiyo na sukari mpaka mwisho kwa kuogopa kuomba kijiko.

Ninachotaka ni kazi ya Shangazi.

Shangazi Benedikta ni dada yake baba, na nakaa naye tangu nimalize mtihani. Ni mtaalamu wa biolojia ya molekuli. Anachunguza vinasaba, yale maelekezo yaliyo ndani ya kila kiumbe, yanayofanya mbuni, yaani mti wa kahawa, uwe mbuni na samaki awe samaki. Kwa miaka mingi alikuwa maabara, akisaga majani ya kahawa na kusoma vinasaba vyake, akitafuta mibuni inayostahimili magonjwa. Mradi ulipokwisha, ajira nayo ikaisha. Akarudi Mbinga na kompyuta yake, na sasa ni mhariri wa kujitegemea. Watafiti wa nchi mbalimbali wanamtumia maandiko yao, naye anayanyoosha kabla hayajachapishwa.

Mtaani hawaielewi kazi hii. Jirani yetu Mama Otmari humwita daktari asiye na sindano. "Amesoma mpaka vitabu vikamwishia," husema akiwa upande wa pili wa ua, kwa sauti ya kusudi, "sasa yuko ndani anasahihisha insha!" Shangazi humjibu kutoka dirishani, "Lete na yako, Mama Otmari, nikupe vema." Wanacheka wote wawili.

Mimi nilidhani anaumia. Siku moja nikajikaza nikamuuliza kama anaikumbuka maabara. Akasema anaikumbuka harufu yake, na zile asubuhi za kwenda kuangalia kama jaribio limejibu. Kisha akasema hajaiacha sayansi. Zamani alikuwa anatafuta jambo, sasa anahakikisha waliolipata wamelisema kama lilivyo.

Kazi yangu hapa, ukiacha vyombo na kufagia, ni kusikiliza. Akimaliza kuhariri, Shangazi hunisomea muhtasari kwa sauti, na sharti ni moja tu: nikipotea, nimsimamishe. Wiki zote hizi sijawahi kumsimamisha. Anauliza, "Umeelewa?" Najibu, "Nimeelewa, Shangazi."

Nilikuwa sielewi hata nusu.

Lakini nani aliyepita shule zetu akajibu vingine? Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitika "Ndiyooo!" huku ubao umejaa giza tupu. Na nyumbani, mtu mzima akikueleza jambo kwa upendo, kumwambia hujaelewa ni kama kumwambia hajui kueleza. Nilijiona nina adabu.

Leo ikaja kazi ya Daktari Erasto, aliyewahi kufanya utafiti pamoja na Shangazi. Ameandika kuhusu miche mipya ya kahawa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi. Muhtasari wake wa Kiswahili utasomwa kesho kwa wakulima wa Mkumbi, ambao mvua hizi wanaamua kama wang'oe mibuni ya zamani wapande hiyo mipya.

Mama Otmari ana shamba Mkumbi. Mibuni yake aliipanda na marehemu mumewe. Asubuhi alipita na mwavuli uliovunjika, akanisimamisha mlangoni. "We Mnyasa, hebu mwulize huyo daktari wenu asiye na sindano: ning'oe au nising'oe? Au wewe unajua usipa tu, dagaa wenu wa ziwani?" Alikuwa anatania, ila macho yake hayakutania.

Mchana Shangazi akampigia Daktari Erasto, akaiweka simu mezani kwenye spika, akasoma muhtasari. Miche iliwekewa vimelea vya ugonjwa ikiwa michanga, kitaluni. Ile yenye kinasaba fulani haikuugua. Mpaka hapo niliweza kufuata. Kisha sentensi ya mwisho: "Kwa hiyo, mkulima atakayepanda miche hii, matunda yake hayataoza tena."

"Umeelewa?" Shangazi akauliza, mkono ukiwa tayari unaelekea kubonyeza kutuma.

Jibu langu la siku zote lilishafika kwenye ulimi. Nikayakumbuka macho ya Mama Otmari.

"Sielewi."

Shangazi aligeuka kana kwamba nimeangusha sufuria.

"Nani huyo?" sauti ya simu ikauliza.

"Binti wa kaka yangu. Sema, mama, huelewi nini?"

"Shikamoo Daktari," nilianza, maana nilikuwa nimesahau hata hilo.

"Marahaba. Ehe?"

"Hiyo miche mliyoijaribu, ilikuwa imeshazaa?"

"Hapana, ilikuwa midogo, ya juzi juzi tu."

"Sasa matunda yasiyooza mliyaona wapi?"

Mvua ilizidi, nikasogeza sikio karibu na simu.

"Binti," akasema taratibu, "mche ukistahimili ukiwa mchanga, kwa kawaida hata ukikua unastahimili. Ndivyo tunavyopima."

Hapo ndipo ningejibu nimeelewa, na mambo yangeisha kwa amani. Nusu ya neno ilishatoka.

"Kwa kawaida," nikauliza, "au kila mara?"

"Benedikta, huyu umemtoa wapi?"

"Ziwani," akajibu Shangazi. "Na usimpe majibu ya mkato, atakaa hapo mpaka Krismasi."

Daktari Erasto akacheka sana, kisha akashusha pumzi. Akasema miche ipo shambani lakini haijazaa, na hakuna aliyeona hata tunda moja. Akasema sentensi ile aliiandika kwa furaha. Wakaifuta na kuiandika upya pamoja, yeye anasema, Shangazi anaandika: miche imestahimili ugonjwa ikiwa michanga, matunda yake shambani bado yanasubiriwa, anayetaka kujaribu apande michache, ya zamani asiing'oe kwanza.

Simu ilipokatika, Shangazi alinigeukia. Akasema alishaisoma sentensi ile mara kadhaa akaipitisha. Njia ile ya kupima anaijua mno, akili yake iliruka pengo bila kumwambia.

"Na wiki zote ulizoniambia umeelewa?"

Nikatazama sakafu. "Sikuelewa."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akavuta kiti. "Kaa hapa. Tunarudi mwanzo."

Mchana wote nimesema sielewi, sielewi, mpaka neno likawa tamu. Sasa najua, kwa kweli safari hii, kwamba kinasaba kimoja ni kidogo mno kuonekana, kwa hiyo mashine hukinakili, na nakala hunakiliwa tena, mpaka ziwe nyingi za kutosha kuonekana. Nimeeleza mwenyewe kwa maneno yangu, na Shangazi hakunirekebisha.

Baadaye ukaingia ujumbe wa Daktari Erasto, akiomba jina langu kamili aliweke kwenye shukrani za andiko lake. Jina langu, ndani ya andiko la sayansi! Nimekwenda chooni nikaruka ruka peke yangu.

Jioni Mama Otmari akaja uani kudai jibu. Nilimjibu mimi. "Using'oe, mama. Panda michache pembeni, uone kwanza inazaa nini."

Akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe Mnyasa unajua kahawa!"

"Siijui, mama. Nimeuliza tu."

Krismasi nashuka Lipingo. Nitamsaidia mama kuanika usipa, na tukiwa wawili pale kichanjani nitamwambia nataka kusomea vinasaba, na siku moja kukaa kama Shangazi, na maandiko ya watu mbele yangu. Mama ataniuliza hiyo ni kazi gani. Leo nimepata maneno ya kumweleza.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama unatoka kwetu na umeshanitambua, nakuomba: usimwambie mama, wala yule mwenye goti. Mpaka nifike, iwe siri yetu. Nataka mama aisikie kutoka kwangu, nikiwa nimemtazama usoni, na asipoelewa nimruhusu aseme.