Daktari wa Mama Hayupo

Bibi Mahin, nisaidie, sijui hata nianzie wapi. Naandika makala za afya kwenye tovuti moja ya Kiajemi, mimi niliyesomea ushairi, na mwaka jana, mchana mmoja wa usingizi, pazia likipumua na nyumba nzima ikinukia maji ya waridi, niliandika kwamba majani ya mzeituni hushusha sukari hata mtu akaacha vidonge, nikachanganya na maneno ya marehemu bibi yangu mzaa mama kuhusu vyakula vyenye tabia ya moto na vya baridi, tiba ya kale, mhariri akabandika juu jina la Dakta Sohrabi, mtu ambaye hayupo, na makala ikaruka simu hadi simu mpaka ikamfikia mama yangu hapa Yazd. Siku ya kumi na moja leo hajameza vidonge vyake vya sukari. Anachemsha majani, ananimiminia na mimi. "Kunywa, mwanangu. Huyu daktari anaongea kama aliyelelewa nyumbani kwetu, ndiyo maana namwamini." Nakunywa, nashukuru, na kila kitu kinakuwa kama ndoto, namwona kwa mbali. Jana alisema vidole vya mguu havisikii zulia. Nikisema kweli nitamwaibisha kwa shangazi zangu wote aliowatumia makala hiyo. Nifanyeje?

Golnush, Yazd

Binti yangu, pole, ila pole yangu ni fupi. Unanyweshwa uongo wako mwenyewe halafu unashukuru! Adabu zetu za "tangulia wewe, hapana, wewe" ni za mlangoni, si za ugonjwa. Vidole hivyo havingoji. Mpeleke kliniki leo hii na kopo la vidonge mkononi. Daktari ndiye aseme aanze vipi tena, si wewe, umeshatibu vya kutosha.

Njiani mfungulie makala, hata mimi ilinifikia. Mwulize: huyu Sohrabi anatibu wapi? Aliandika lini? Haya kayatoa wapi? Na mbona chini ya makala wanauza majani? Halafu sema, "Mama, ni mimi niliyeandika." Alimwamini kwa sababu alisikia sauti ya mama yake, na sauti tamu haipimi sukari, mwanangu.

Makala ifutwe. Mhariri akikataa, acha kazi. Kisha mwandikie kila shangazi, kwa jina lako kamili.

Aibu utaipata, sikufichi. Mama atakununia mpaka Nowruz, mwaka mpya wetu. Mwache anune, mradi atembee kwa miguu yake yote miwili.