Nusu Mzunguko

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu. Hesabu yangu inasema katikati ya skrini pawe na mwanga. Kifaa kinaonyesha giza tii. Nisipopata sababu kabla ya tarehe ishirini, mwalimu ananifungia maabara, narudi nyumbani.

Uliuliza nafanya nini. Kila njia ya mwanga ina mshale wake, unaozunguka kama mshale wa sekunde. Unaiunga mishale hiyo, ncha kwa mkia, unapima toka mwanzo hadi mwisho. Zidisha urefu huo kwa wenyewe, ndio uwezekano wa mwanga kufika. Njia zangu ni mbili, urefu sawa. Moja inapiga kioo kimoja zaidi. Mchoro uko nyuma. Usicheke.

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho yanasumbua, skrubu nazishika kwa kubahatisha. Nimeng'oa mishale ya saa mbovu, nikaipanga mezani kama ulivyochora. Mwanga tele! Basi sijui, mama. Rudi tu, kiti chako dukani kipo. Mcheza kwao hutunzwa.

Baba yako

13 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Nimebadilisha taa, nimefuta vioo mara tatu, nimegombana na kila mtu. Kutulia siwezi. Nimeanza kufunga mizigo. Kama una lolote, niambie.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nilikudanganya.

Fundi saa haoni magurudumu mawili yakigusana asijiulize nini kimegeuka. Kwenye mchoro wako, mshale unapiga kile kioo cha ziada, unapita kama hakuna kilichotokea. Mimi nikaugeuza nusu mzunguko. Nikaishia pale pale nilipoanzia: sifuri, giza! Kifaa chako kizima, hesabu ndiyo mbovu.

Niliyajua haya tangu tarehe saba. Nilitaka urudi. Naogopa kuzeeka peke yangu humu dukani. Nisamehe. Barua nampa dereva wa basi mkononi.

Baba yako

26 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua ilifika tarehe ishirini na moja, mizigo iko mlangoni. Nilimkimbilia mwalimu nayo. Alihesabu mwenyewe, akaguna, akanirudishia ufunguo.

Kimya changu kilikuwa hasira, siku tano nzima. Nilidhani hasira na mapenzi vitafutana kama ile mishale, nibaki na sifuri nipumzike. Wapi! Vyote viwili vipo, na vyote vinanivuta huko.

Nakuja Jumamosi nikupeleke kwa daktari wa macho. Kiti kifute vumbi, ila usizoee kuniona juu yake.

Mwanao